Kijiko cha Mgeni

Niliposhuka stesheni ya Kigoma, Oktoba 2024, wapwa zangu watatu walikuwa wananisubiri na bajaji mbili, moja yangu na moja ya vitabu. Mmoja wao alinifungulia mwavuli, na jua lenyewe lilikuwa limeshazama zamani upande wa Kongo. Nilikuwa na miaka 65, masanduku mawili, kompyuta, na barua ya kustaafu yenye muhuri ambayo hakuna aliyeniomba kuiona.

Nyumbani Ujiji nilikuta kiti cha plastiki kimefutwa na kutandikwa kitambaa cha kufuma. Soda ilishafunguliwa. Watoto walifukuzwa uani wasije wakanipigia kelele. Ulipofika muda wa kula likaja sinia la wali kwa wanaume wote, na kando yake sahani moja ya udongo, paja la kuku juu, kijiko pembeni. Hiyo ilikuwa yangu. Nikasema nitakula sinia na wenzangu. Dada akatabasamu kwa adabu, ile adabu ya kumtabasamia mkuu wa wilaya.

"Kula tu, Profesa, usijisumbue."

Dada yangu amenizidi miaka mitatu. Jioni ile nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, Profesa." Katika umri wangu wote sikuwahi kusikia marahaba iliyofungwa na cheo mwishoni.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilianza kuhesabu. Ya tatu ikapita, ya nne ikapita, ikaisha wiki. Kila alfajiri ndoo ya maji ya moto ilikuwa mlangoni kwangu, imefunikwa na sufuria. Jembe halikuja.

Niseme wazi mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hilo kisa hiki hakieleweki. Mimi nina tamaa. Fedha haijawahi kunisumbua sana, lakini jina, naam. Nilisoma Tabora, shule ile ya wavulana ambayo Mwalimu Nyerere alipita miaka ya 1930, na tangu kidato cha kwanza nilijua ninataka jina langu lichapishwe mahali. Likachapishwa. Nikataka lichapishwe mahali pakubwa zaidi. Kuna watu kabla ya kulala hutazama matokeo ya Simba na Yanga. Mimi nilifungua Google Scholar kuona nani kaninukuu. Uprofesa kamili ulipofika nilifurahi siku nne. Nasema nne kwa sababu siku ya tano nilikuwa nimeshaanza kumwonea wivu mwenzangu aliyealikwa Geneva.

Mama alifariki nikiwa mkutanoni Ubelgiji. Maziko yetu Waislamu hayamsubiri mtu wa ndege, na nilifika siku ya nne. Waliniandalia chumba chake nilale humo. Usiku ule, juu ya kitanda cha mama, nilirekebisha slaidi za mkutano uliokuwa unafuata, kwa sababu taa ya chumba kile ilikuwa nzuri. Jambo hilo sijamwambia mtu hadi leo ninapoliandika.

Kustaafu kwenyewe hakuna mengi. Chuo kilinipa ngao, keki na hotuba. Wiki ya pili nikaenda kuchukua mafaili yaliyobaki, nikakuta kitasa cha ofisi kimeshabadilishwa.

Basi nikaamua nitafute furaha, na nikaitafuta kwa njia pekee ninayoijua: nikakusanya machapisho. Mke wangu, aliyebaki Dar es Salaam na wajukuu, alinisindikiza kwa sentensi moja. "Nenda kwenu, lakini usiende kuwafanyia utafiti." Ndani ya treni nilisoma usiku kucha. Nikakutana na ule utafiti mrefu wa Harvard ulioanza 1938, uliowafuatilia wanaume 724, wengine wanafunzi wa chuo hicho, wengine vijana wa mitaa ya kimaskini ya Boston, miaka nenda miaka rudi mpaka wakazeeka na kufa. Anayeuongoza sasa, Robert Waldinger, anasema kilichowatenganisha waliozeeka vizuri na waliozeeka vibaya ni uhusiano wao na watu wa karibu, kuliko mali au umaarufu. Tulipofika Uvinza nilikuwa na jedwali lenye safu sita kwenye kompyuta. Safu ya tatu iliitwa "Dada".

Hapo ndipo ninapojicheka. Kati ya wanaume wale 724 sidhani kama kuna mmoja aliyerudi kwao akapewa kijiko.

Mimi ni mtu wa samaki. Hasa dagaa wa Ziwa Tanganyika, na hasa zaidi jiwe la sikio la dagaa. Kila samaki mwenye mifupa ana vijiwe ndani ya kichwa, vya kusikia na kuweka mizani ya mwili, na vijiwe hivyo hukua kwa pete, kama shina la mti. Cha dagaa hakifiki milimita mbili. Unakitoa kwa sindano, unakigandisha kwenye kioo, unakisugua taratibu kwa karatasi laini ya msasa, kisha unakiweka chini ya hadubini na kuhesabu. Kwa dagaa pete moja ni siku moja. Samaki huyu haishi sana zaidi ya mwaka, kwa hiyo maisha yake yote unaweza kuyahesabu kabla ya chakula cha mchana. Ukisugua sana umekwisha, pete za pembeni zimefutika, na pembeni ndiko kwenye siku zake za mwisho.

Kazi hiyo nilijifunza Ufini. Kulikuwa na mradi mkubwa wa utafiti wa ziwa letu, wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na Ufini, ulioanza 1992, na mimi nikawa mmoja wa vijana waliobebwa na wimbi lile. Nilikaa kwenye theluji nikichunguza samaki wa kwetu. Samaki wenyewe walifikaje huko, kwa miaka thelathini jibu langu lilikuwa "sampuli zilikusanywa Kigoma." Sentensi hiyo iko kwenye tasnifu yangu, ukurasa wa mbinu. Haina mtendaji.

Wiki ya pili nyumbani nilikuwa natafuta kiberiti kwenye kabati la vyombo la dada. Nyuma ya birika na vikombe vya sikukuu nikaiona chupa ndogo ya kioo, kifuniko cheusi, spiriti imegeuka rangi ya chai. Ndani dagaa wawili, weupe kama mshumaa, na kipande cha karatasi kilichokunjwa. Nikaigeuza chupa mpaka maandishi yakasomeka kupitia kioo. Penseli, mwandiko wa duara wa mtu aliyeishia darasa la saba: *9/7/94. Giza.*

Nilikumbuka yote kwa mara moja. Nilimwachia dada chupa sitini, anijazie dagaa. Nikamwonya asitumie fomalini hata akipewa bure, maana huyeyusha jiwe la sikio, spiriti tu. Nikamwonya asiandike kwa kalamu ya wino, spiriti itaufuta, penseli tu. Tarehe nilimwagiza mimi. Lile neno la pili sikumwagiza. Giza, mwezi mchanga, mbalamwezi: aliongeza mwenyewe, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti na wavuvi hulala nyumbani. Kwake tarehe bila mwezi ilikuwa taarifa nusu. Na ni maneno yake hayo, nilipoyapanga mezani Ufini, yaliyonipa wazo la makala yangu iliyonukuliwa kuliko zote.

Dada aliingia akanikuta nimeishika.

"Hiyo moja ilibaki," akasema. "Yule dereva wa mradi aliondoka mapema, sikumuwahi."

Kisha akauliza kitu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Zile nyingine zilifika?"

Miaka thelathini. Sikuwahi kumwambia zilifika.

Nikamwambia zilifika, zote, hakuna iliyovunjika. Akasema "Alhamdulillahi," akachukua kiberiti kilichokuwa mbele ya pua yangu, akatoka. Mimi nikaenda chumbani, nikafungua sanduku, nikatoa tasnifu. Ukurasa wa shukrani nilikuwa sijausoma tangu niuandike. Nilimshukuru msimamizi wangu, maktaba, mfadhili, "wavuvi wa Kigoma" kwa jumla yao, na kwa jina kabisa nikamshukuru bibi wa Kifini aliyeniazima koti.

Nililifuta jedwali usiku ule. Baadaye nikampigia mwanangu, yuko Kanada. Aliitika haraka kwa wasiwasi: "Baba, kuna tatizo?" Nikasema hakuna, nimepiga tu. Tukazungumza dakika nne, mbili zikiwa za hali ya hewa. Wiki iliyofuata nikapiga tena, akauliza tena kama kuna tatizo. Mara ya nne hakuuliza. Aliuliza kama bado wanauza wale samaki wetu, migebuka, wa kukausha pale sokoni Mwanga, na kama wanaweza kusafirishwa. Sitaongeza neno hapo, bado ni mapema.

Watu wakisikia habari ya chupa hudhani ndiyo iliyotupatanisha. Haikutupatanisha. Siku mbili baadaye tuligombana, ugomvi wa kweli, wa kwanza tangu tulipokuwa watoto, na uliletwa na ziwa.

Mwaka ule, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, ziwa lilifungwa kwa uvuvi, miezi mitatu kamili, ili samaki wazaliane. Nchi nne zinazolizunguka, yaani sisi, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana. Sikuwa mwamuzi wa lolote, lakini nilishaandika mara nyingi kwamba lipumzishwe, na niliamini. Bado naamini. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani, ila samaki wanaishi juu tu. Chini ya mita mia na kitu, mia mbili hivi, hakuna oksijeni. Chakula kimezama huko chini na kinategemea upepo wa kiangazi ukipandishe. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya yale ya baridi kama mafuta ya mawese juu ya mchuzi, na chakula hakipandi. Watafiti walichapisha mwaka 2003, kwenye jarida la Nature, kwamba uzalishaji wa ziwa ulishapungua kama asilimia 20, na samaki huenda kama asilimia 30. Wavu na taa zinamalizia palipobaki.

Niliyaeleza haya uani, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu chenye kitambaa. Dada alikuwa anachambua mchele.

"Kwa hiyo ni ninyi," akasema.

"Sisi kina nani?"

"Mliotufungia."

Nikaanza kueleza tena, polepole zaidi, kosa ambalo walimu wote hulifanya. Akanikata.

"Kwamba dagaa wamepungua unaniambia mimi? Mimi ndiye niliyekuwa najaza zile chupa zako. Siku hizi taa zimejaa ziwa zima kama mji, na beseni halijai. Hilo nalijua. Ninachokuuliza, mlipoandika hiyo miezi mitatu, sisi wa kuanika mlituandika ukurasa gani?"

Alikuwa ameuza vitumbua miezi ile. Aliuza na bati sita zilizokuwa za kuezekea jiko. Makala zangu zina wavuvi, mitumbwi ya kipe, nyavu, macho ya nyavu, taa za karabai na taa za betri. Wanawake wanaonunua dagaa wabichi alfajiri na kuwaanika hawamo, na ni wao wanaokigeuza kile kinachooza kwa saa chache kuwa kitu kinachofika Dar es Salaam na Lubumbashi ndani ya gunia. Nilitafuta la kujibu nikakosa. Nikasema, "Hatukuwaandika." Akasema, "Basi," akaendelea na mchele wake. Siku mbili hakuniita Profesa wala kitu kingine.

Hapa naomba nitoke kidogo nje ya mada. Kila mtu wa Kigoma anaijua hadithi ya Liemba. Meli ya Wajerumani, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa makasha na kuunganishwa tena hapa Kigoma, ikaingia majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isije ikawafaa adui, lakini wahandisi wake kwanza waliipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua 1924 ikafufuka, na 1927 ikarudi kazini. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni hadithi ya meli. Siku zile mbili za kununiwa nilikaa bandarini nikawaza zaidi juu ya wale wahandisi, walioizamisha huku wakijua kuna siku itahitajika. Mimi nilizama miaka arobaini na sikupaka grisi popote.

Siku ya ishirini na sita, Novemba, dada aliniambia niende naye Katonga kwenye mwalo, ufukwe wanakoshushia dagaa, nikaone hao wanawake ambao sikuwaandika. Nilivaa viatu vyangu vya ngozi. Mchanga wa Katonga unaingia viatuni kama maji, na baada ya hatua kumi nilikuwa natembea kama bata. Vichanja vya dagaa vimepangwa mistari mirefu, wavu umevutwa juu ya miti kimo cha kiuno, dagaa wametandazwa juu yake unene wa dagaa mmoja. Wakipandana, wa chini wanaoza. Jua likiwa kali asubuhi wanakauka siku hiyohiyo na kung'aa kama sindano. Wakinyeshewa wanageuka wekundu na kuvunjika vichwa, na hapo mchuuzi hawagusi, wanauzwa kwa wenye kuku kwa bei ya kutupa. Nililijua hilo kwa vitabu: hasara baada ya mavuno, sura nzima.

Kama saa sita mchuuzi mmoja akamwita dada upande wa mizani. Akanigeukia.

"Tupia jicho hapo."

Sikuwahi kupewa wadhifa nikaufurahia namna ile. Nilisimama kando ya vichanja vyake viwili, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. Nilikaa hivyo dakika tano. Kisha simu ikalia mfukoni. Ilikuwa barua pepe ya mhariri wa jarida, na maoni ya wasomaji wawili juu ya makala yangu ya mwisho, ile niliyojiahidi kuwa ni ya mwisho. Msomaji wa pili alikuwa hajanielewa kabisa. Nikaanza kumjibu papo hapo, nimesimama, kwa kidole kimoja.

Wingu lilipotokea juu ya ziwa sikuliona. Wanawake wa vichanja vya jirani walipoanza kukimbia sikuwaona. Nilichosikia ni sauti ya binti mmoja, "Babu! Babu, mvua!" na sikujua kuwa babu ni mimi. Tone la kwanza liliangukia kwenye kioo cha simu, juu ya neno "hata hivyo".

Turubai lilikuwa limekunjwa chini ya kichanja. Nikalivuta upande usio wenyewe, likajikunja. Nikalivuta tena, kiatu kimoja kikabaki mchangani. Nilipofanikiwa kulitandaza nilikuwa nimeshachelewa, na nililitandaza limelegea katikati, maji yakajaa pale kama bakuli, na nilipojaribu kuliinua yakamwagika yote juu ya dagaa wale wachache waliokuwa bado wakavu. Mtu angepanga kuwalowesha asingefanya vizuri zaidi.

Dada alikuja mbio, kanga imemganda mwilini. Akatazama kichanja. Akanitazama mimi, na simu mkononi mwangu ambayo nilikuwa bado nimeikumbatia isilowe. Ndipo akaniita kwa jina la utotoni, lile ambalo mama tu na yeye walilitumia, na ambalo sitaliandika hapa kwa sababu lina maana isiyopendeza.

"Wewe! Hivi una akili kweli? Umesoma mpaka Ulaya, mvua huioni? Beseni nne hizi! Nne! Umesimama tu na kisimu chako kama mlingoti! Shika huku! Si huku, huku! Inua! Watoto wa darasa la pili wanajua kufunika dagaa!"

Mwalo mzima ulikuwa unacheka. Mimi nilikuwa nimeshika pembe ya turubai, mguu mmoja una kiatu, maji yanaingia kwenye shingo ya shati, na dada ananitukana mbele ya watu, na nilitaka asinyamaze. Alinipa reki. Mvua ilipokatika tukatandaza upya, tukawatenga waliowahi kupona na waliokwisha, mpaka jua likashuka. Beseni moja tuliiokoa. Tatu zilienda kwa wenye kuku. Nilitoa pochi nilipe, akauangalia mkono wangu mpaka nikairudisha mfukoni.

Usiku ule sahani haikuja. Sijui ilisahauliwa au iliamuliwa. Likaja sinia, ugali wa muhogo na mgebuka, wapwa zangu wakasogea kidogo kunipa nafasi bila kukatiza mazungumzo yao ya mpira, nami nikanawa nikaingiza mkono. Ugali wa muhogo ni wa moto kuliko nilivyokumbuka. Nilikuwa nimezoea kijiko.

Dada akapita na jagi la maji. Hakunitazama.

"Kesho saa kumi na moja alfajiri tunaondoka," akasema. "Usije na viatu."